Kustaafu kwa Koplo Ndimu

Wapo watu wanaobisha kwamba nchi ya Tumeshafika haipo duniani. Watu hao hawajawahi kupanga foleni katika ofisi zake. Nchi ipo, ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na tisa, na ina Masjala Kuu, jengo la ghorofa nne ambamo karatasi huingia mbio na kutoka kwa mkongojo. Mimi simsemi mtu. Nasimulia tu yaliyompata Tindwa Magongo, karani wa ghorofa ya pili, na anayejiona humu ndani amejitafuta mwenyewe.

Tindwa alikuwa mtu mpole wa miaka thelathini na ushei, mwenye tabia moja mbaya: alikuwa anasoma. Katika ofisi za Tumeshafika kusoma si kosa la jinai, ila huleta maneno. Kwa hiyo vitabu vyake alivificha ndani ya droo, chini ya bunda la fomu, na vyote vilikuwa vya mtu mmoja, Koplo Ndimu.

Kwa faida ya mgeni, niseme kidogo. Vitabu vya Koplo Ndimu vilikuwa ishirini na tatu, vyembamba, vya majalada ya rangi kali, na viliandikwa na mama mmoja aitwaye Bi. Hadia Mtengeti. Kulikuwa na *Koplo Ndimu na Jeneza Lililokohoa*, kulikuwa na *Koplo Ndimu na Daraja Lililozinduliwa Mara Tatu*, na vingine ambavyo mtaa mzima ulivisoma kwa zamu mpaka kurasa zikabaki kushikiliwa na gundi ya uji. Katika vyote ishirini na tatu, Koplo ana miaka hamsini na moja, hazidi hapungui. Anapanda baiskeli isiyo na kengele. Mfukoni mwa shati ana ndimu, na mtu akisema uongo mbele yake, Koplo huitoa akainusa, kimya, mpaka mwongo anaanza kutota jasho. Kisha huuliza, "Nani aliona kwa macho yake?" Kupandishwa cheo hajapandishwa hata siku moja, kwa sababu kila alipokikaribia cheo, alikuwa ameshamkamata aliyetakiwa kumpa.

Adui yake ni Bwana Kambale, tajiri mwenye shingo tatu, ambaye humponyoka ukurasa wa mwisho kwa kupigiwa simu na mtu asiyetajwa. Watoto wa Tumeshafika walipocheza mchezo wa Koplo na Kambale, hakuna aliyekubali kuwa Kambale mpaka ahongwe kashata, jambo ambalo Kambale mwenyewe angelifurahia sana.

* * *

Sasa, Koplo Ndimu alivyoajiriwa serikalini.

Miaka tisa kabla ya mkasa huu, ilifika Makao Makuu ya Polisi barua kutoka kwa mjane mmoja wa kitongoji cha Mchelenga, Bi. Somoe. Iliandikwa hivi: "Kwa Koplo Ndimu. Mbuzi wangu mwenye sikio moja amechukuliwa na mwenyekiti wa kitongoji. Nimekwenda kituoni, wananiambia nilete shahidi. Shahidi ni mbuzi, na mbuzi yuko kwa mwenyekiti. Naomba uje."

Polisi hawakucheka, maana kucheka kungehitaji kibali. Waliipeleka Masjala Kuu, na Masjala ina sheria yake ya tangu enzi: hakuna barua bila jalada, wala hakuna jalada bila mtumishi. Kuirudisha barua kwa maelezo kwamba mtumishi huyo hayupo kulihitaji sahihi ya mkubwa, na hakuna mkubwa wa Tumeshafika aliyewahi kutia sahihi mahali palipoandikwa kwamba kitu fulani hakipo. Barua ilizunguka meza kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Tindwa, mgeni kazini, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajua choo kiko wapi.

Tindwa akafungua jalada. Namba 7718. Jina, Ndimu. Cheo, Koplo. Umri, hamsini na moja, kama ilivyo kitabuni. Na kwa kuwa kila jalada lilitakiwa kufanyiwa kazi ndani ya siku kumi na nne, akachukua kalamu akamwandikia mwenyekiti wa Mchelenga: "Rejea mbuzi wa Bi. Somoe. Nani aliona kwa macho yake mbuzi huyo akikufuata kwa hiari? Nitafika." Akatia sahihi, Koplo Ndimu, akagonga muhuri.

Siku ya tatu mbuzi alirudi kwa Bi. Somoe akiwa na kamba mpya.

Mchezo ukanoga. Barua ziliongezeka, za mashamba yaliyohama mipaka, za vyerehani vilivyokopeshwa visirudi, za walimu wakuu waliofuga kuku kwenye maktaba. Tindwa alizijibu moja moja, kwa sauti ya Koplo, baada ya saa za kazi. Aligundua kwamba wezi wa Tumeshafika wanamwogopa Mungu kiasi, sheria wanaiogopa chini ya hapo, lakini barua yenye muhuri huwatia homa. Kufikia mwaka wa tisa barua zilikuwa mia nne na kumi na mbili, na zilizotatuliwa ni mia tatu themanini na nane. Zilibaki ishirini na nne. Tindwa aliipenda kazi hiyo ya siri kuliko kitu chochote, na ndiyo iliyomfanya aamke asubuhi akiimba.

Alichosahau ni hesabu ndogo ya shule ya msingi. Kitabuni mtu anaweza kuwa na miaka hamsini na moja mpaka kiama, lakini jaladani haiwezekani. Koplo Ndimu alikuwa ametimiza sitini.

* * *

"Magongo!" alisema Katibu Mkuu, Dakta Lwambano, siku alipomwita ghorofa ya nne. Juu ya meza yake lilikuwa jalada 7718, limefungwa utepe mwekundu. "Jalada hili nimelisoma neno kwa neno."

Alikuwa amesoma muhtasari wa muhtasari wake, kama ilivyo desturi.

"Ndiyo, mzee."

"Miaka tisa! Hajaomba likizo, hajaumwa, hajafiwa! Hata mshahara hajawahi kuuliza! Magongo, huyu si mtumishi, huyu ni mnara wa taifa!"

"Ni kweli si mtu wa kawaida, mzee."

"Unamfahamu?"

"Kwa... kumsoma, mzee."

"Ndiyo tofauti yetu," alisema Dakta Lwambano, akijiegemeza kitini. "Mimi namfahamu ana kwa ana. Tulisalimiana Arobaini ya marehemu mjomba wangu. Ana mkono mgumu huyo, kama mpini!"

Tindwa alimtazama mkubwa wake usoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa aliona kizunguzungu.

Katibu Mkuu akaendelea kutoa habari njema. Jumamosi ilikuwa Siku ya Kustaafu Kitaifa. Mtukufu Rais mwenyewe, kwa mikono yake miwili, angemkabidhi Koplo Ndimu toroli jipya, zawadi ya wastaafu wote wa Tumeshafika, ili wakalime. Baada ya hapo jalada lingefungwa na kuchomwa moto pamoja na yote yaliyomo, kwa kuwa mstaafu hana kazi, na asiye na kazi hawezi kuwa na barua.

"Pamoja na hizo ishirini na nne, mzee? Watu wanasubiri majibu."

"Watazoea. Wewe ndiye uliyefungua jalada, basi wewe ndiye utakayemleta uwanjani. Usipomleta, maana yake umeiandikia serikali mtumishi hewa. Adhabu yake unaijua?"

Tindwa aliijua. Alikuwa ameipiga chapa mwenyewe: miaka saba.

* * *

Bi. Hadia Mtengeti aliishi uani, nyuma ya duka la fundi cherehani. Tindwa alimkuta kibarazani anabangua korosho, vidole vimemchafuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama wewe ni mtu wa umeme, mita iko nyuma. Kama umefuata kitabu cha ishirini na nne, rudi mwakani."

"Si umeme wala kitabu, mama. Koplo Ndimu anastaafishwa."

Akamweleza yote, tangu mbuzi mpaka toroli. Bi. Hadia alicheka mpaka fundi cherehani akachungulia dirishani kuuliza kama kuna mgonjwa. Alipotulia, Tindwa akamkabidhi bahasha ya barua ishirini na nne. Mama yule akavaa miwani, akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, na korosho zikasahaulika. Alipofika ya tano akavua miwani akaifuta kwa upande wa khanga.

"Nilidhani wamenisahau," alisema taratibu. "Mwenye duka la vitabu aliniambia hakuna anayenunua."

"Hawanunui, mama. Wanaazimana. Kitabu kimoja kinasomwa na watu sitini."

Bi. Hadia alizipanga zile barua mapajani. Halafu akachukua nakala ya jibu moja la Tindwa iliyobaki ndani ya bahasha, akalipitia, na uso ukabadilika.

"Hii nini? 'Nitafika'? Koplo Ndimu tangu lini akasema 'Nitafika'? Koplo husema 'Niko njiani'! Miaka tisa unamharibia lugha mtu wangu!"

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, lakini umeniudhi."

Tindwa akapiga goti. "Mama, nakuomba umuue. Kitabu cha ishirini na nne, ukurasa wa kwanza, afe kwa malaria ya heshima. Mimi nitawaambia amefariki."

"Marehemu wa nchi hii anahitaji fomu saba, na moja asaini mwenyewe," alisema Bi. Hadia. "Na hata zingekuwa mbili, simuui. Huwezi kumuua mtu ambaye watu ishirini na wanne wanamngoja mlangoni."

"Basi nifungwe?"

"Sijasema ufungwe. Nisikilize. Kitabu changu kimekwama hapo hapo ulipokwama wewe. Koplo amezingirwa na wakubwa watupu, kila mmoja anamsifu, na mimi sijui anatokaje. Usiku silali. Lakini kitu kimoja nakijua: katika vitabu ishirini na tatu mtu huyu hajasema uongo hata mara moja. Ukibanwa, mwanangu, sema kweli. Wakubwa wetu wana dawa ya kila kitu, ila ya hiyo hawana, hawajazoea."

Akaingia ndani, akatoka na ndimu moja, akamtia Tindwa mfukoni mwa shati.

* * *

Jumamosi uwanja ulijaa pomoni. Wanafunzi waliimba beti zote kumi na tisa, wawili wakazirai ubeti wa kumi na nne wakapokewa na wenzao bila wimbo kukatika. Toroli lilikuwa jukwaani, limepambwa riboni, na mbele yake waliketi wakubwa tisa kwa mfuatano wa vyeo na matumbo.

Mkubwa wa kwanza kusema alikuwa Dakta Lwambano, naye alieleza habari za Arobaini ya mjomba na ule mkono mgumu. Tindwa, aliyekuwa amekaa chini ya hema la makarani, akatoa ndimu akainusa. Hakukusudia. Miaka ya kusoma ilikuwa imemwingia mwilini.

Lakini desturi ya Tumeshafika ni kwamba mkubwa akimfahamu mtu, mkubwa mwenzake humfahamu zaidi. Kamishna wa Polisi akasema yeye ndiye aliyemfundisha Koplo kupanda baiskeli. Tindwa akanusa. Waziri wa Kilimo akasema Koplo ni shemeji yake kwa upande wa shangazi. Waziri wa Afya akasema alimtibu bandama kwa mikono yake, na bandama lenyewe analikumbuka, lilikuwa la kizalendo. Kufikia mkubwa wa tisa, Tindwa alikuwa amenusa mara tisa, na Koplo Ndimu alikuwa amesoma na watu wanne katika shule nne tofauti, mwaka mmoja.

Mwisho akasimama Mtukufu Rais. Uwanja ukawa kimya, hata wale wanafunzi wawili wakajizindua.

"Mwaka ule wa mafuriko," alisema Mtukufu, "nilipita Mchelenga. Askari mmoja mwembamba alinipigia saluti, maji yakiwa yamemfika hapa." Akaonyesha kidevuni. "Nikauliza, nani huyu? Nikaambiwa, Koplo Ndimu."

Mkono wa Tindwa ulikwenda wenyewe mfukoni. Akainusa ndimu, na alipoinua macho aliona kwamba Mtukufu, kutoka kule juu, anamtazama.

"Koplo Ndimu, pita mbele!" akaita mshereheshaji. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, na ya tatu ikarudi na mwangwi wake. Riboni za toroli zilipepea. Wakubwa wakaanza kutazamana, na Kamishna wa Polisi, ambaye alikuwa amemfundisha baiskeli, akakimbilia kipaza sauti kabla hajaulizwa yeye.

"Mtukufu, huyu ametoroka! Na kwa mujibu wa sheria, kazi ya mtoro ni batili! Naagiza kila kilichorudishwa na Koplo Ndimu kirudishwe kilikokuwa!"

Katikati ya umati mbuzi akalia. Alikuwa mbuzi mzee, wa sikio moja, na kamba yake ilishikwa na Bi. Somoe, aliyetembea siku mbili kuja kumpa Koplo mkono. Sasa askari wawili walikuwa wameshaanza kuivuta kamba upande wa pili, na Bi. Somoe ameing'ang'ania, anasema, "Mnanionea! Mngojeni Koplo, atakuja! Aliandika atafika!"

Tindwa akasimama, akatoka chini ya hema.

"Mtukufu," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Koplo Ndimu ni mtu wa kitabuni. Ametungwa na Bi. Hadia Mtengeti. Hajawahi kuzaliwa, hajafundishwa baiskeli, hana bandama. Barua zote nimeandika mimi, kwa mkono wangu huu. Mwacheni mama na mbuzi wake, nikamateni mimi."

Kisha wakubwa tisa wakasimama kwa pamoja.

"Yaani huyu karani anataka kusema mimi nilipeana mkono na ukurasa?" alifoka Dakta Lwambano.

"Shemeji yangu ni hadithi?" alilia Waziri wa Kilimo, na machozi yakamtoka kabisa.

"Anamtukana Koplo Ndimu!" alinguruma Kamishna. "Mtumishi aliyetukuka, Mtukufu, anaambiwa hayupo, mbele ya watu tunaomfahamu! Uchunguzi ufanyike! Uchunguzi mkali!"

"Uchunguzi! Uchunguzi!" wakaitikia wenzake, maana neno hilo katika Tumeshafika hukubaliwa na kila mtu, likiwa halijawahi kumdhuru yeyote.

Mtukufu akainua mkono. Alimtazama Tindwa, akawatazama wakubwa wake mmoja baada ya mwingine, na kona ya mdomo wake ikacheza kidogo.

"Mpelelezi bora wa nchi hii ni nani?"

Wakubwa wakaangaliana. Jibu lilikuwa moja tu, na walikuwa wamelihubiri asubuhi nzima.

"Ni Koplo Ndimu, Mtukufu," alisema Kamishna kwa sauti ndogo.

"Basi Koplo Ndimu achunguze kama Koplo Ndimu yupo," alisema Mtukufu. "Na mtu hawezi kustaafu akiwa na kazi mkononi. Kustaafu kwake kumesimama mpaka uchunguzi ukamilike. Kazi zake zote zibaki kama zilivyo. Karani aendelee kumpelekea barua. Na huyo mbuzi mwacheni."

Askari wakaiachia kamba. Bi. Somoe akaanguka kwa makalio, akainuka, akapiga kigelegele, na uwanja mzima ukampokea. Toroli, kwa kuwa lilikuwa limeshaandikiwa hati ya kutoka ghalani na kurudi haliwezi, alipewa yeye, akampakia mbuzi.

* * *

Jumatatu asubuhi jalada 7718 lilikuwa juu ya meza ya Tindwa, na juu yake karatasi mpya: *Uchunguzi wa kuwapo au kutokuwapo kwa Koplo Ndimu. Mpelelezi: Koplo Ndimu. Jibu ndani ya siku kumi na nne.* Tindwa akachovya kalamu, akaandika, "Uchunguzi unaendelea," akagonga muhuri. Hesabu yake ilimwonyesha kwamba akijibu hivyo kila baada ya siku kumi na nne, Koplo angeweza kuendelea kazini muda mrefu kuliko Masjala yenyewe.

Bi. Hadia alipoletewa habari alipiga makofi, akaahidi kitabu kwa Septemba, akawafukuza wageni wote uani, akajifungia na daftari lake. Alikuwa ameshajua Koplo anatokaje.

Ndani ya rundo la barua mpya za siku hiyo ilikuwamo bahasha nene, nyeupe, isiyo na jina la mtumaji, ila nta yake ilikuwa na nembo ambayo kila mtoto wa Tumeshafika anaijua. Tindwa alifunga mlango kabla ya kuifungua. Mwandiko ulikuwa wa mtu asiyezoea kujiandikia mwenyewe.

"Ndugu Koplo. Karani wako alikuwa ananusa ndimu chini ya hema. Mimi sina mtu wa kumuuliza, nikiuliza hapa nyumbani wote wataniambia ninachopenda, kwa hiyo nakuuliza wewe. Alinusa mara ngapi? La pili: cha ishirini na nne kinatoka lini? Cha ishirini na tatu nimekirudia mara sita, na sijafurahishwa na Kambale kuponyoka tena."

Hofu ilimjia Tindwa, halafu ikampita, na nyuma yake kikaja kicheko ambacho ilibidi akizuie kwa kiganja. Akachukua karatasi safi. Akaandika, "Mtukufu, mara tisa." Akasimama hapo. Akaitoa ndimu mfukoni, ambayo sasa ilikuwa imesinyaa, akaitazama. Kisha akaikata ile "tisa" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake:

"Kumi. Kitabu kinatoka Septemba. Niko njiani."

Akatia sahihi, Koplo Ndimu, akagonga muhuri.